Mume wa Ofisi Sifuri Sifuri

Bibi harusi alikuwa ameshaolewa. Ndivyo mtambo ulivyosema, na mtambo wa ofisi ya usajili hauna mazoea ya kutania.

Mpelelezi wa ofisi hiyo alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani mikubwa. Wenzake walimpachika jina la Kurunzi, kwa vile akikumulika huna pa kujificha. Aliisoma kumbukumbu ile kwenye kioo cha kompyuta, akairudia, kisha akawageukia watu watatu waliokaa mbele ya meza yake. Bibi harusi mwenyewe, fundi wa majokofu, alikuja na nguo za kazi, bisibisi ikichungulia mfukoni. Kando yake alikaa bwana harusi, mpima ardhi, kijana mrefu ambaye magoti yake yalikuwa yanamshinda kuyapangia mahali. Wa tatu alikuwa mama yake bwana harusi. Huyo alikaa wima, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba.

"Harusi ni keshokutwa," alisema mpima ardhi. "Leo asubuhi tumekwenda kuchukua kibali. Mtambo umekataa. Unasema mwenzangu ana mume."

"Tangu mwezi uliopita," mama yake akadakia. "Yaani wakati sisi huku tunahangaika na ukumbi, mwenzetu kule anaolewa."

"Mama, mimi sijaolewa," alisema bibi harusi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha sema maneno hayo mara nyingi tangu alfajiri.

"Mwanangu, mimi nimefungisha ndoa za nusu ya mji huu mpaka nikastaafu. Mtambo hauna chuki na mtu."

Kurunzi aliinua macho. "Kumbe ulikuwa ofisi yetu hii, mama?"

"Msajili wa ndoa. Wewe hujaajiriwa bado."

Kurunzi aliitikia kwa kichwa, akamsogezea bibi harusi kifaa cha kusomea alama za vidole. "Gumba la kulia, dada. Bonyeza, usisukume."

Bibi harusi akabonyeza. Kioo kikawaka kijani: alama zimelingana. Mama wa bwana harusi akashusha pumzi ndefu kwa pua, na mpima ardhi akaanza kuikagua sakafu kama anataka kuipima.

Kurunzi alizikuza alama zote mbili, ya leo kushoto, ya kwenye kumbukumbu kulia, akasogeza uso karibu na kioo. Mistari ilikuwa ile ile, kweli. Lakini alama ya leo ilikatwa katikati na mfereji mweupe, laini. Ile nyingine haikuwa na mfereji wowote.

"Hili kovu ni la nini?"

"Gesi ya jokofu," alisema bibi harusi. "Bomba lilipasuka, ikaniunguza. Mwaka juzi, kwenye bucha."

"Kuna aliyeona?"

"Mwenye bucha. Alinikimbiza hospitali mwenyewe, na aproni yake ya damu, watu wote wakadhani nimechinjwa."

Kurunzi aligonga kioo kwa kalamu. "Basi sikilizeni. Kumbukumbu inasema ndoa ni ya mwezi uliopita. Kidole kilichobonyezwa hakina kovu. Kovu la mwaka juzi haliwezi kwenda likizo mwezi uliopita halafu likarudi leo. Kidole hiki kilibonyezwa kabla ya ajali. Hapo kinachodanganya ni tarehe."

"Au ni mtambo umeshindwa kuliona kovu," alisema mama.

"Umeliona leo, mama. Kifaa ni cha aina ile ile."

Mama aliufungua mkoba, akaufunga. Mpima ardhi aliinua kichwa.

Kurunzi akakigeuza kioo kidogo upande wa bibi harusi. "Na hii picha, unaikumbuka?"

Kwenye picha bibi harusi alikuwa anacheka kwa kinywa chote, macho yamefumba nusu, hadi fizi zinaonekana. Nyuma yake kulikuwa na turubai la mistari ya buluu na nyeupe.

"Mbona nacheka?"

"Ndilo swali langu. Picha ya serikali haichekwi. Msajili yeyote angeirudisha. Na ukuta wa ofisi zetu ni mweupe, hatuna ofisi ya turubai. Hapa ni wapi?"

"Dada yangu, mimi kila wiki niko chini ya turubai la mtu natengeneza jokofu la soda. Harusi, mikutano, mechi. Hata nikitaka kukumbuka siwezi."

"Na huyu, je?"

Picha ya pili ilikuwa ya mzee mwenye mvi, amevaa kofia yenye ukanda wa dhahabu. Turubai lile lile. Naye anacheka.

"Simjui," alisema bibi harusi, akainama aone vizuri. "Ila ana uso wa upole."

Mpima ardhi naye akainama. "Ni rika la babu yangu," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaonekana kupumua.

*

Mkurugenzi alikuwa mtu wa tai iliyobana na sentensi fupi. Aliisoma kumbukumbu akiwa amesimama.

"Ofisi iliyosajili: sifuri sifuri," alisema. "Hatuna ofisi hiyo. Kuna genge ndani ya mtambo wetu linauza ndoa."

"Anayenunua ndoa bandia anajua ameinunua, mkurugenzi. Huyu hajui."

"Anasema hajui."

"Angekuwa anajua asingekwenda kuomba kibali cha pili kwa kidole kile kile. Nipe hadi kesho jioni."

"Mpaka kesho jioni. Na nisije nikayasoma haya gazetini."

Kurunzi alichukua anwani ya yule mume, akatoka. Haikuwa mbali: nyumba za safu moja nyuma ya karakana ya useremala, milango imepakwa rangi tofauti tofauti. Kwenye mlango wa manjano alimkuta mzee wa kwenye picha ameketi kizingitini, anasugua tarumbeta kwa kitambaa. Alikuwa mpigaji wa bendi ya zimamoto, amestaafu, na majirani walimwita Kapteni ingawa hajawahi kuwa kapteni wa chochote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kwa kelele za tarumbeta, mwambie seremala na yeye aache randa."

"Nimetoka ofisi ya usajili. Mzee, una mke?"

"Nilikuwa naye. Katangulia, Mungu amrehemu, miaka sasa."

"Mtambo wa serikali unasema ulioa tena mwezi uliopita."

Kapteni aliiweka tarumbeta mapajani taratibu. "Nimeoa?"

"Ndivyo mtambo unavyosema."

"Na sikualikwa?"

Alicheka hadi seremala akazima mashine yake aje aone kulikoni. "Jirani," Kapteni alimwambia, "pole sana, hata wewe hukualikwa. Nimeoa." Kisha akamgeukia Kurunzi, akifuta macho. "Ni nani huyo mwenye bahati mbaya?"

"Ni fundi wa majokofu."

"Sasa hapo umesema. Langu limekufa tangu juzi."

Kurunzi alimpa picha aliyoichapisha. Mzee aliishika mbali, kisha karibu, akagusa kofia kwa kidole. "Hii ni siku ya mwisho kupiga na bendi. Maonyesho ya huduma za serikali, pale uwanjani. Kila idara na turubai lake. Tulimaliza kupiga, nikapita kwenye meza moja kuna mashine mpya ndani ya sanduku, kama la msafiri. Mama mmoja anaita watu wajaribu. Sauti yake ingeweza kuongoza bendi bila kipaza."

"Alikufanyia nini?"

"Akanibonyezesha kidole, akaniweka mbele ya kamera. Mimi nikanuna, si ndivyo tulivyozoeshwa? Akaniambia, 'Toa meno, baba, meno hayatozwi ushuru.' Nikashindwa kujizuia. Akasema siku zijazo hata ndoa zitasajiliwa hivyo, chapuchapu, popote pasipofika waya. Akabonyezabonyeza, akatuaga."

"Akawaaga nyinyi na nani?"

"Kulikuwa na binti mbele yangu kwenye foleni, naye kachekeshwa vile vile. Lakini hakukaa. Mtu alimwita, jokofu linavuja." Kapteni akaitazama tena picha. "Ehee. Ndiye?"

"Ndiye. Huyo mama alikuwa nani?"

"Kofia ya maonyesho imefika machoni, fulana kama ya wenzake wote. Uso sikumbuki. Sauti ndiyo ninayo."

*

Vifaa vya kusajilia mbali na mji vilihifadhiwa kwenye stoo ya chini, na ufunguo wake alikuwa nao mtu mmoja tu: fundi mitambo kijana aliyeitwa Kebo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila waya shingoni. Kurunzi alisimama mlangoni, akauliza bila salamu ndefu.

"Nani aliwasha sanduku la maonyesho mwezi uliopita?"

Kebo aliacha kuzungusha waya. "Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Kuna ofisi ya mpakani waliomba kifaa. Hilo lilikuwa rafuni, halijaguswa tangu maonyesho. Nikalichaji, nikaliunganisha na mtandao lijisasishe, nikaenda kunywa chai." Akauweka waya chini. "Nimefanya nini?"

"Umeozesha watu. Lifungue."

Waliliweka sanduku mezani. Kebo alionyesha hatua kwa hatua, na kila hatua sauti yake ilizidi kushuka. Kifaa hicho kimetengenezwa kwa kazi za mahali pasipo na mtandao: kinaandikisha, kinahifadhi, kisha siku kikishika mtandao kinatuma vyote makao makuu kwa mkupuo. Betri ya saa ilikuwa imekufa rafuni. Kwa hiyo kila kilichokuwemo kilipewa tarehe ya siku kilipotumwa. Na kifaa ambacho hakijapangiwa ofisi hujiandika chenyewe sifuri sifuri.

"Kwa hiyo hakuna genge," alisema Kurunzi.

"Kuna mimi na chai yangu. Niliona taa inapepesa, nikadhani kinapokea, kumbe kinatapika."

"Lakini yale yalikuwa maonyesho. Ndoa za kuigiza. Kwa nini zilihifadhiwa kama za kweli?"

Kebo aligusa kitufe kidogo pembeni mwa kioo. "Hii ndiyo hali ya mazoezi. Ukiiwasha, hakuna kinachohifadhiwa. Siku ile hakuna aliyeiwasha."

"Nani alikaa mezani?"

"Jina lililotumika kuingia ni Mwonyeshaji. La wote. Na mimi nimeajiriwa mwaka jana tu, dada."

Kurunzi aliishusha orodha kwenye kioo. Watu waliendelea kutokea, wawili wawili, wote mbele ya turubai la mistari, wote wanacheka. Aliwahesabu hadi akaacha.

"Wote hawa ni mke na mume?"

"Kisheria," alisema Kebo, "hongera zao."

*

Jioni Kurunzi alikwenda nyumbani kwa bwana harusi, kuwaambia mapema kwamba binti hana kosa. Hakuona haja ya kuwalaza roho juu. Uani viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa kwa safu, na hakuna aliyethubutu kusema vibaki au virudishwe. Lakini nguo za watoto zilikuwa zimefika kutoka kwa fundi cherehani, na watoto hawaelewi lugha ya mtambo. Walikuwa wamezivaa na wanadai picha. Mama wa bwana harusi, ameupa mlango mgongo, alikuwa anawapanga wajukuu wake kwa urefu, simu mkononi.

"Wewe wa mwisho, acha kununa," alimwambia mtoto mmoja. "Toa meno, meno hayatozwi ushuru."

Watoto wakaangua kicheko, picha ikapigwa. Kurunzi alisimama pale pale mlangoni, mguu mmoja ndani.

Alingoja watoto watawanyike. "Mama, naomba tuzungumze pembeni."

Walikwenda nyuma ya jiko, penye mapipa ya maji.

"Umekuja kuniambia ni kweli," alisema mama.

"Nimekuja kuuliza. Yale maonyesho ya uwanjani, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo? Nilikuwa mezani tangu yanafunguliwa mpaka yanafungwa. Walinipa kile kifaa kipya kwa sababu ya sauti. Mkurugenzi mwenyewe alisema turubai letu lilivuta watu kuliko la polisi." Alikuwa bado anajivunia, ilionekana begani.

"Na hali ya mazoezi uliiwasha?"

"Hali gani?"

"Kuna kitufe pembeni. Kisipowashwa, kila unachosajili kinakuwa cha kweli."

Mama akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mzima mzima, bila kuangalia kama itambeba.

"Kile kitufe kidogo cha kijivu."

"Hicho."

"Nilidhani ni cha mwanga." Alitazama mikono yake. "Kwa hiyo aliyemwoza mkwe wangu kwa mwanamume mwingine..."

"Ni wewe, mama."

Mabega ya mama yalianza kutikisika. Kurunzi akatafuta leso, akidhani ni machozi. Hayakuwa. Mama alicheka kimyakimya kwanza, kisha kwa sauti, sauti ile ya kuongoza bendi, mpaka mpima ardhi akatokea mbio na kijiko mkononi kuuliza nani kaanguka. Halafu kicheko kikakatika.

"Binti wa watu nimemsema mchana mbele ya mawifi zake wote," alisema. "Nimemwita mwongo."

"Kesho asubuhi tunafuta ile ndoa. Na yule mzee aliyeozeshwa naye ataletwa. Njoo."

"Nitakuja," alisema mama. "Lakini kwake naenda sasa hivi. Nipeni viatu vyangu."

*

Siku ya pili chumba cha mkurugenzi kilijaa. Kapteni alikuja na kofia ya bendi. Bibi harusi alimsalimia kwa heshima, akamuuliza kama jokofu lake linanguruma au limenyamaza kabisa, naye akajibu linanguruma bila kupoza. Wakaendelea hivyo hadi Kebo alipofungua kumbukumbu kwenye kioo kikubwa.

"Ndoa inavunjika kwa njia mbili tu," alisema Kebo. "Kifo au talaka. Nichague ipi?"

"Mimi sijajiandaa kufa," alisema Kapteni.

"Talaka," aliamua mkurugenzi. "Wote wawili wapo. Wabonyeze, twende kazini."

"Mimi sibonyezi," alisema bibi harusi.

Mpima ardhi alimtazama. "Mpenzi, harusi ni kesho."

"Najua. Lakini talaka ya nini? Sijawahi kugombana na mzee huyu. Kesho cheti changu kitaandikwa mtalaka, na siku mwanangu akikisoma ataniuliza huyo wa kwanza alikuwa nani. Nimwambie nini? Nilikuwa natengeneza jokofu?"

Mkurugenzi alikaza tai. "Binti, mtambo ndivyo ulivyo."

"Mkurugenzi," alisema Kurunzi, "mtambo huu una mahali pa mwananchi kuzaliwa, kuoa, kuachwa na kufa. Hauna mahali pa sisi kukosea. Kwa hiyo tukikosea, inabidi kosa aandikiwe yeye."

Kebo akakohoa.

"Naweza kuongeza mstari wa tatu. Ni kazi ndogo. Nahitaji idhini yako tu."

"Uandike nini?"

"Kosa la ofisi," alisema mama wa bwana harusi kutoka nyuma. "Hivyo hivyo, usilipambe."

Mkurugenzi alimgeukia. "Na litawekewa saini ya nani? Wewe umestaafu."

"Kidole changu hakijastaafu."

Mkurugenzi akavua miwani, akaifuta, akasema, "Fungua na nafasi ya saini ya pili. Turubai lile nililitembelea mimi mwenyewe, nikapiga makofi, sikuuliza kitufe."

Kebo aliandika. Ilichukua muda wa watu kumaliza chai iliyoletwa. Mama alibonyeza wa kwanza, mkurugenzi wa pili, kisha Kapteni na bibi harusi kwa pamoja, wakitazamana kama watoto wanaoiba sukari. Kioo kikatulia, kikaandika upya: hajaolewa.

Bibi harusi alilisoma neno hilo kwa sauti, halafu akalisoma tena polepole.

"Binti yangu," alisema mama, "jana nilikuomba radhi kwa siri. Leo naomba mbele ya watu, maana nilikusema mbele ya watu."

"Yameisha, mama."

"Yasiishe sana. Siku nikianza tena, unikumbushe."

Bibi harusi alicheka kwa kinywa chote, fizi nje, na mama mkwe akamshika mkono, hakuuachia hata waliposhuka ngazi.

Harusi ilifanyika. Kurunzi alialikwa, akaenda, akacheza hadi kiatu kikakatika kisigino.

Jumatatu alirudi mezani kwake na orodha ya waliobaki. Mkurugenzi alitaka kila mmoja apigiwe simu, aelezwe ukweli, aombwe radhi. Wa kwanza alikuwa muuza magazeti, aliyeuliza kama mkewe anajua kupika. Wa pili alikata simu akidhani ni matapeli. Wa tatu alikuwa mwanamke aliyepokea kwa kunong'ona.

"Samahani, niko maktaba, ndiyo kazi yangu. Nani mwenzangu?"

Kurunzi akajitambulisha. Alieleza yote kwa utaratibu: maonyesho, kifaa, kitufe, ndoa isiyokusudiwa na fundi viatu fulani.

Mnong'ono ukarudi, umejaa kicheko. "Dada, hilo tunalijua. Tulisimama foleni moja, tukachekeshwa pamoja, akanisindikiza hadi kituo cha basi. Tangu siku ile hatujaachana. Juzi juzi ndiyo tukaenda kusajili ndoa. Msajili akaangalia mtambo, akatuambia mmeshaoana, hongereni, akatupa cheti."

"Hamkulalamika?"

"Tulalamikie nini? Tulichokwenda kuomba tulikikuta kiko tayari. Mume wangu anasema ni mara ya kwanza serikali kumtangulia."

Kurunzi alishika mdomo asicheke kwenye simu. "Naweza kuifuta, mkaanza upya kwa utaratibu."

"Msiiguse," ulisema mnong'ono, na kwa mara ya kwanza haukuwa mnong'ono. Sauti ya mtu ikasikika ikimtaka mkutubi anyamaze. "Tafadhali, dada. Msiiguse."

Kurunzi aliagana naye. Kwenye kioo mstari mpya wa Kebo ulikuwa unangoja, kosa la ofisi, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Alikiondoa. Kwenye nafasi ya matokeo ya uchunguzi akaandika kwamba mke na mume wamehojiwa, ndoa ni halali na wahusika wana furaha. Akaifunga, akaanza kutafuta namba ya nne.